Nataka Kuwatibu Watu Wazima Wasiotulia: Je, Ubingwa Huo Upo Kenya?

Swali: Assalamu alaikum Daktari, na shikamoo. Mimi ni daktari mwanagenzi hapa Mombasa, nakaribia kumaliza mwaka wangu. Nataka kusomea magonjwa ya akili, na hasa niwahudumie watu wazima wenye ADHD, ile hali ya kukosa umakini na kutotulia. Kilichonivuta ni kaka yangu. Ana miaka 31, akili anazo nyingi, lakini hakuna kazi aliyodumu nayo mwaka mzima, na siku hizi siku yake haianzi bila muguka, yale majani ya kutafuna. Wenzangu wodini wananiambia ubingwa kama huo haupo Kenya. Mama naye anasema sikusomeshwa miaka yote hiyo nikakae na wendawazimu. Je, njia ipo? Na mtu anaweza kuishi kwa kazi hiyo akiwa Mombasa?

Jibu: Wa alaikumu salaam mwanangu, na marahaba.

Wenzako hawakukosea, ila wamekupa nusu ya jibu. Hakuna cheti cha Kenya kinachosema huyu ni bingwa wa ADHD ya watu wazima, na hata ng'ambo vyeti vya namna hiyo ni adimu. Daktari yeyote unayemsikia akisifika kwa kazi hii, awe Uholanzi, Afrika Kusini au Marekani, alianza kwa kusomea magonjwa ya akili yote. Aliwatibu wenye skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, wenye huzuni kali, waraibu na wenye wasiwasi, kisha taratibu wagonjwa wa aina moja wakawa wanaelekezwa kwake. Njia ipo, lakini haina mlango wa pembeni. Ni lazima kwanza uwe daktari wa akili kamili, na neno hilo "lazima" nitalieleza.

Upande wa karatasi ni mwepesi kuueleza. Ukishapata usajili kamili wa Baraza la Madaktari, utafanya kazi kama daktari wa kawaida kwa muda, kisha uombe nafasi ya uzamili wa tiba katika magonjwa ya akili. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret vinafundisha kozi hiyo. Ni miaka 3 au zaidi ya wodi, mitihani na tasnifu. Anayesomea Nairobi hupitia Mathari, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1910 na ambayo hadi leo ndiyo darasa kubwa la fani hii nchini. Ukimaliza, Baraza hukutambua kuwa bingwa. Kama unaweza, tafuta ajira ya kaunti kabla ya kwenda kusoma, kwa sababu kaunti nyingi humwachilia daktari wake akasome huku mshahara ukiingia, kwa sharti la kurudi kutumika miaka kadhaa. Nimewaona vijana wakiliogopa sharti hilo. Mimi nakuambia lisaini. Mtu asiye na mshahara wakati wa uzamili hulazimika kushika zamu za usiku kwenye hospitali binafsi ili alipe kodi ya nyumba, na asubuhi anafika mbele ya mgonjwa akiwa hoi.

Ukiwa masomoni, usipite mbio kwenye kitengo cha watoto. Wengi hukiona kama kituo cha kupita tu. Wewe kae pale hadi uweze kumtambua mtoto wa miaka 7 mwenye hali hii kwa kumtazama dakika chache akicheza, na pia uweze kumtambua yule mtundu wa kawaida ambaye hana ugonjwa wowote. Utawatibu watu wazima, lakini ushahidi wao wote uko utotoni. Kwenye kitengo cha uraibu na kile cha magonjwa ya neva pia jifunze kwa uchu. Sababu utaiona mbele.

Sasa kazi yenyewe. ADHD haina kipimo cha damu, wala picha ya kichwa inayoithibitisha. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, toleo la 5 lililotoka 2013, unataka mtu wa miaka 17 kwenda juu awe na dalili zisizopungua 5 za kukosa umakini, au 5 za kutotulia na kukurupuka. Unataka pia kadhaa kati yake ziwe zilionekana kabla hajatimiza miaka 12, ziwe zinajitokeza katika sehemu zaidi ya moja ya maisha yake, na ziwe zinamharibia mambo kwelikweli. Shirika la Afya Duniani nalo lina dodoso fupi la maswali 6, la mwaka 2005, ambalo mtu hulijaza kwa dakika chache. Dodoso hilo ni la kukuambia nani achunguzwe zaidi. Halimpi mtu ugonjwa, na daktari anayeandika dawa kwa kulitegemea peke yake anafanya kazi mbaya.

Kinachobaki ni kusikiliza maisha ya mtu kuanzia mwanzo. Huwa namwomba mgonjwa aje na mtu aliyemlea au aliyekua naye: mama, shangazi, mjomba, dada mkubwa. Na kama ripoti za shule ya msingi zipo, azilete. Nyumba nyingi za Pwani zinazo, zimekunjwa ndani ya bahasha ya kaki pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo. Alama sizitazami kwanza. Natazama pale chini mwalimu wa darasa alipoandika maoni yake. "Anaweza kufanya vizuri zaidi akitulia." "Aache kuongea darasani." "Hamalizi kazi." Nikiyaona maneno ya namna hiyo darasa la pili, la nne na la saba, kwa walimu tofauti na miandiko tofauti, nakaa vizuri kwenye kiti. Yako maisha mengine ambapo ripoti zinamsifu mtoto kwa utulivu na bidii hadi darasa la nane, kisha kidato cha pili kila kitu kinaporomoka kwa muhula mmoja. Huyo namuuliza mwaka ule kulitokea nini, na aghalabu kilikuwepo kitu: kifo cha mzazi, bangi, jambo alilofanyiwa na mtu mzima ambalo hajawahi kulisema. Huyo anahitaji msaada mkubwa, lakini si msaada wa ADHD.

Mama wa mgonjwa hatakwambia mwanawe alikuwa na upungufu wa umakini. Atakwambia, "Huyu alikuwa hakaliki. Ukimtuma chumvi dukani anarudi hana chumvi, hana pesa, na kiatu kimoja kimebaki huko." Atakwambia madrasa alihifadhi sura upesi kuliko wenzake lakini ustadhi alikuwa akimkalisha mbele ili amshike bega. Maneno kama hayo yaandike kwenye faili kama yalivyotamkwa, usiyageuze kuwa lugha ya kitabu, kwa sababu miaka 5 baadaye daktari mwingine atakapolisoma faili hilo, hayo ndiyo yatakayomfaa.

Na maswali yako uyatoe kwenye maisha ya mtu aliye mbele yako. Dodoso za kigeni huuliza kuhusu kukaa kwenye mikutano mirefu ofisini, na dereva wa tuktuk hana mkutano. Mimi humuuliza anafanya nini akikwama foleni ya feri ya Likoni saa saba ya mchana. Kila mtu huchoka pale. Ila yupo anayezima chombo, akashuka kumfuata muuza korosho, akaanza naye mazungumzo ya mpira, na foleni ikasonga yeye hayupo, honi zinapigwa nyuma. Kisha mwulize mara ngapi, na kama hata benki na hospitalini ni vivyo hivyo. Tukio moja ni hadithi tu; unachotafuta ni mtindo wa maisha mazima.

Hapo ndipo ule ulazima unapoingia. Mtu anayelalamika kwamba umakini umempotea anaweza kuwa na mambo mengi. Huzuni kali huua umakini. Wasiwasi vilevile. Mwenye bipola, ambaye hisia zake hupanda na kushuka kupita kiasi, akiwa juu atakuonyesha kukurupuka kote unakokutafuta, na ukimpa dawa ya kusisimua, ambayo ndiyo tiba ya kawaida ya ADHD, unaweza kumwasha moto. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi humfanya mtu asitulie. Upungufu wa damu humfanya azubae. Wapo wanaokoroma na kukatika pumzi usiku, wakaamka wamechoka kila siku ya Mungu. Kipo kifafa kisichomwangusha mtu, kinachomkata kwa sekunde chache tu katikati ya sentensi. Wapo vijana walioanguka na bodaboda, wakashonwa jeraha la kichwa na kurudishwa nyumbani, na tangu siku hiyo hawako sawa. Na kwetu Pwani usisahau malaria. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, hapo Kilifi wamefuatilia kwa miaka mingi watoto walionusurika malaria kali iliyofika kichwani, na wamekuta baadhi yao wanabaki na kifafa au matatizo ya umakini, kumbukumbu na lugha. Basi mtu mzima kutoka Ganze au Msambweni akikwambia "tangu utotoni niko hivi", muulize kama aliwahi kulazwa akiwa mdogo, akapata degedege, akapoteza fahamu. Daktari aliyejifunza ADHD peke yake atawapa watu wote hawa jina moja.

Ndiyo maana nasema ustadi mkubwa wa kazi hii ni kuweza kusema hapana kwa heshima. Siku hizi wengi hufika kliniki wameshajipa ugonjwa kupitia video fupi za simuni. Siwalaumu, video hizo zimewaleta kliniki watu ambao wasingekuja kamwe. Lakini makadirio ya dunia ni watu wazima kati ya 2 na 3 kwa kila 100, na waliochoka, waliofiwa au wasiolala ni wengi kuliko hao. Kule New Zealand, utafiti wa Dunedin uliowafuata watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa 1972 na 1973 ulizua mjadala mkubwa ulipotoa matokeo yake mwaka 2015: wengi waliokuwa na dalili kamili wakiwa na miaka 38 hawakuwa nazo utotoni. Wataalamu hawajakubaliana hilo linamaanisha nini. Mimi linanifanya nizidi kuzihitaji zile bahasha za kaki. Na ukisema hapana, usimwache mtu mlangoni. Alikuja kwa sababu anaumia, na hicho kinachomuumiza mara nyingi kina dawa.

Kuna upande wa pili unaonisikitisha zaidi: wale ambao wanayo na hakuna aliyewahi kuiona. Wanawake hasa. Utotoni wavulana ndio wanaoletwa kliniki kwa wingi, kwa kuwa mvulana anaruka madirisha na msichana amekaa kimya akitazama nje. Mwalimu hana shida na msichana huyo. Ukubwani pengo hilo hupungua sana. Utampata ana miaka 35, ameolewa, ana watoto, ana biashara yake ya kushona au ya vyakula vya oda, na kila siku analala akijiita mvivu. Chungu kimeungua, ada imelipwa kwa kuchelewa, oda ya harusi imesahaulika, mawifi wameshasema yao. Akisikia kwa mara ya kwanza kwamba lipo jina la hali yake na kwamba si tabia mbaya, wengi hulia. Mpe muda alie, uje kuendelea na maelezo baadaye.

Nije kwenye muguka, kwa kuwa ndio uliokuleta. Majani ya miraa na muguka yana kathinoni, kemikali iliyo jamaa ya karibu ya amfetamini, na amfetamini ni mojawapo ya dawa zinazotumika kutibu ADHD katika nchi nyingine. Kathinoni huharibika upesi jani likikauka, ndiyo maana wauzaji hukimbizana kuufikisha mzigo ungali mbichi. Kwa hiyo kijana anayekwambia "nikila muguka kichwa kinakusanyika, naweza kupiga hesabu, naweza kumsikiliza mtu hadi mwisho" hakudanganyi. Yawezekana amejigundulia dawa yenye kipimo kisichojulikana, inayomnyima usingizi na chakula, inayompandisha presha, na ambayo kwa baadhi ya watu huleta kusikia sauti na kushuku kila mtu. Lakini pia usikimbilie hitimisho, kwa sababu kisisimuzi humchangamsha yeyote kwa saa chache, mwenye ADHD na asiye nayo. Swali lenye uzito ni alivyokuwa akiwa na miaka 9, kabla hajajua muguka ni nini.

Mwezi Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga muguka marufuku, Kilifi na Taita Taveta zikachukua hatua kama hiyo, na mahakama ikasimamisha amri za Mombasa na Kilifi. Mabishano yalikuwa ya kodi, wakulima na vijana. Nilitamani kusikia mtu akiuliza ni wangapi kati ya vijana wale wanatafuna kwa sababu vichwa vyao havitulii na hawajawahi kupata daktari wa kuwaeleza. Hilo ni swali la utafiti, mwanangu, na tasnifu yako ya uzamili inaweza kulianza.

Dawa. Ile utakayoitegemea zaidi hapa ni methilfenideti, inayojulikana na wengi kwa jina la Ritalin. Iko Jedwali la II la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za aina hii. Kila karatasi utakayoandika iwe ya kuaminika hata ikisomwa mahakamani. Kabla ya kuanza, pima presha na mapigo ya moyo, uliza nani katika ukoo alianguka ghafla na kufa akiwa kijana, pima uzito, kisha anza na dozi ndogo upande taratibu. Asiyeweza kuitumia, au ambaye una hofu ataiuza, ipo atomoksetini, ambayo haisisimui na haileti uraibu, ila inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Mwambie hivyo mapema, la sivyo ataiacha siku ya kumi. Bei ni ukuta. Dawa hizi hutazipata katika kila duka, na utakuwa na wagonjwa ambao umewatambua sawasawa lakini mfuko hauruhusu. Kwa hao, na kwa wenye dawa pia, kuna kazi ya kufanya bila kidonge: tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea, ambayo imethibitika kuwasaidia watu wazima, kengele za simu, kazi kubwa kukatwa vipande, pesa kufungiwa kwenye akaunti isiyoguswa siku ile ile mshahara unapoingia, na mtu mmoja wa nyumbani anayekumbusha bila kutukana.

Ramadhani itakuja kila mwaka, na vitabu ulivyosomea havitakusaidia sana. Mgonjwa anayefunga hatakuja kukuuliza. Ataacha dawa kimya kimya, au atameza dozi mbili magharibi na kukesha hadi alfajiri. Muulize wewe, tangu Rajabu. Dawa inayoachia nguvu yake taratibu mwilini inaweza kumezwa wakati wa daku ikamshika mchana, lakini hupunguza hamu ya kula na hukausha kinywa, kwa hiyo mkalishe mzungumzie maji na chakula cha usiku. Anayependelea kupumzika mwezi mzima, mpange naye, hasa kama anaendesha gari. Na mtu mpya anayekuja kwa mara ya kwanza katikati ya mfungo, ambaye usingizi wake umepinduka, msikilize, mfungulie faili, na uamuzi uungoje hadi baada ya Idi.

Nimetaja kuendesha gari kwa makusudi. Huko Uswidi watafiti waliwafuatilia watu wazima zaidi ya 17,000 wenye hali hii, na mwaka 2014 wakachapisha kwamba wanaume walipata ajali mbaya chache zaidi katika vipindi walipokuwa wakitumia dawa kuliko vipindi ambavyo wao wenyewe hawakuzitumia. Ukifikiria bodaboda za Bamburi na malori ya barabara ya Changamwe, utaona kwamba kliniki hii haihusu watu wa ofisini wanaosahau barua pepe tu.

Jambo jingine la hapa kwetu: vijana wa Pwani huenda kufanya kazi Ghuba. Wakikwambia wanasafiri, usiwaache wabebe methilfenideti kwenye begi kama panadol. Nchi za huko zina masharti makali ya dawa zinazodhibitiwa, na nyingine hutaka kibali kabla ya kuingia nazo. Waandikie barua, waelekeze ubalozini, na kama kibali hakikupatikana, mpange tiba nyingine kabla ya tiketi kukatwa.

Umeuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kazi hii. Kwa ADHD peke yake, Mombasa, hapana. Kwa udaktari wa akili, ndiyo, na vizuri. Madaktari wa akili nchini ni wachache mno ukilinganisha na watu, na waliopo wamejazana Nairobi. Ukiwa na ajira ya umma na kliniki yako ya jioni, hutakosa wagonjwa. Asubuhi kwenye hospitali ya Coast General au Port Reitz utaona skizofrenia, kifafa, mama aliyejifungua akavurugikiwa, kijana wa heroini. Mahakama itakuita utoe ripoti. Jioni, kati ya wagonjwa wako binafsi, mmoja au wawili watakuwa wamekuja kwa suala la umakini, na kwao utahitaji saa nzima au zaidi, huku ukilipwa sawa na mwenzako anayewaona watu sita kwa muda huo. Hilo ndilo pungufu la kweli la kazi hii na sitalificha. Watakaokufanya ujulikane ni wanasaikolojia, walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu na madaktari wa watoto, kwa sababu mtoto akishatambuliwa, mara nyingi baba yake anasimama pale kliniki na kusema, "Mbona na mimi ni hivyo hivyo?" Hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Jenga urafiki na watu hao mapema.

Nikuongezee sababu moja ya matumaini. Fani hii bado changa. Daktari wa Uingereza, George Still, aliwaeleza watoto wa namna hii kwenye mihadhara yake ya London mwaka 1902, na mwaka 1937 Charles Bradley wa Rhode Island akaona amfetamini ikiwatuliza watoto badala ya kuwapandisha. Kwa miongo mingi iliaminika mtoto akikua inaisha. Ni miaka ya 1970 ndipo akina Paul Wender wa Utah walipoanza kusisitiza kwamba kwa wengi haiishi, inabadilika sura: miguu inatulia, kichwa hakitulii. Maarifa mengi tuliyo nayo kuhusu watu wazima yametoka Ulaya na Marekani. Kuhusu dereva, mvuvi, mama wa biashara na mpakua mizigo wa bandari ya Kilindini, kilichoandikwa ni kidogo sana. Anayeanza leo ana shamba zima la kulima.

Mama yako usibishane naye. Neno wendawazimu analitumia kama alivyolipokea. Mwambie kwamba mwaka 2020 jopo la serikali lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na kwamba Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022 ili kumpa mgonjwa haki zake. Lakini nadhani kitakachomgusa si sheria. Kitakachomgusa ni mwanawe wa kiume.

Kwa kaka yako, kuwa dada. Usimchunguze, usimwandikie dawa, hata ukishakuwa bingwa. Wala usimpe jina la ugonjwa ulilolisoma. Kwa barua yako peke yake mimi siwezi kusema kama anayo, na wewe uliye karibu naye ndiye usiyeweza zaidi. Mwambie tu kuna daktari anayesikiliza watu ambao kazi haziwakai mikononi. Usimpe sharti la kuacha muguka kabla hajaenda, maana hatakwenda. Aende, aseme anakula kiasi gani na tangu lini, na mpango wa kuupunguza upangwe hukohuko. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwombe mama aitafute ile bahasha. Aende yeye na kaka yako, na aulizwe yeye jinsi kijana huyu alivyokuwa mdogo, kwa kuwa ndiye anayejua. Wewe kaa nje kwenye benchi hadi utakapoitwa.